Yai la Mtoto Lisiende Mnadani

 

Mimi ni tabibu msaidizi katika zahanati ya kijiji. Wazee wetu waliijua kazi hii kwa jina la mganga msaidizi wa vijijini. Nimesoma kwa cheti, na umri wangu haujafika miaka thelathini. Najua kwamba kijana akisimama mbele ya wazee kuwaeleza namna ya kulisha watoto, wazee huuliza, "Wewe umelea wangapi?" Ni swali la haki. Kwa hiyo nitaanza na kosa langu mwenyewe, halafu ndipo nitoe maoni yangu.

Leo siandiki juu ya dawa. Naandika juu ya mayai, maziwa na mkate, na juu ya kile anachokula mtoto asubuhi.

Mtoto niliyempima bila kumwona

Katika kliniki yetu ya mama na mtoto, kila mwezi tunapima uzito wa watoto na kuweka alama kwenye kadi. Mtoto anayekua vizuri, mstari wake unapanda. Asiyekua, mstari wake unalala. Anayedhoofika, mstari wake unashuka.

Mtoto mmoja wa mwaka mmoja na miezi kadhaa alipimwa miezi mitatu mfululizo na mstari wake ukalala. Mimi ndiye niliyeweka alama zile. Mwezi wa kwanza nilimwambia mama yake, "Mpe vyakula vya kujenga mwili, mayai na maziwa." Mwezi wa pili nilirudia maneno yale yale. Mwezi wa tatu foleni ilikuwa ndefu, sikusema kitu. Mwezi wa nne mama hakuja kupima uzito. Alimleta mtoto mgonjwa. Miguu ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nywele zilikuwa nyepesi na rangi ya kutu. Hakuwa analia wala kucheza. Ilikuwa kwashakoo, tukampeleka hospitali siku ile ile.

Baada ya hapo nilikwenda nyumbani kwao na mhudumu wa afya wa kijiji. Nilikuta kuku saba uani. Nilikuta na ndoo ndogo yenye mayai yaliyofukiwa ndani ya pumba yasivunjike. Nilikasirika, na kwa ujana wangu nikasema kwa sauti ya juu, "Mayai haya hapa! Kwa nini mtoto hali?"

Bibi wa mtoto aliniangalia, akanijibu kwa upole: "Mwanangu, hayo mayai ni daftari la kaka yake, na sabuni ya nyumba nzima, na chumvi. Tukiyala, hivyo vyote utatuletea wewe?"

Sikuwa na jibu. Miezi miwili nilikuwa nimemwambia mama ampe mtoto mayai, wala sikuuliza hata siku moja mayai ni ya nani, yanauzwa wapi na yanalipia nini. Mama yule hakuwa na mamlaka juu ya ndoo ile. Nilikuwa nampa maagizo mtu asiye na ufunguo.

Mtoto alitibiwa kwa maziwa maalumu ya hospitali, akapona, akarudi nyumbani. Namshukuru Mungu. Lakini leo akisimama na wenzake wa umri wake, wao wamempita kichwa kizima. Uvimbe uliondoka, ila kimo kilichopotea hakikurudi chote. Hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

Yanayopita sokoni

Siku ya mnada, iwe Katesh, Basotu, Dongobesh au Haydom, utawaona akina mama na mayai yao. Wachuuzi wanayakusanya na kuyapeleka Babati na Arusha. Jioni, mama anarudi nyumbani na sabuni, chumvi, majani ya chai na sukari. Mara nyingi anarudi pia na pakiti ya biskuti au chupa ya soda, zawadi ya watoto waliobaki.

Sisemi neno juu ya sabuni na chumvi. Hata daftari nanyamaza. Lakini biskuti na soda tuzitazame vizuri. Soda moja ya kawaida ina sukari inayokaribia vijiko vinane au tisa vya chai, na hakuna kingine cha kumkuza mtoto. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini, tena protini iliyo bora, pamoja na mafuta, vitamini A, vitamini B12 na kolini, ambayo ubongo wa mtoto unaihitaji. Kwa hiyo mama anapouza mayai kisha akanunua soda, ametoa tofali akanunua rangi. Nyumba haijengwi kwa rangi.

Halafu asubuhi mtoto anapewa nini? Katika nyumba nyingi ni chai ya rangi yenye sukari nyingi, na andazi moja kama lipo. Chai hiyo inapunguza mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika chakula. Mtoto anashiba kwa saa moja, kisha anasinzia darasani. Mwalimu anasema ni mvivu. Mimi nasema ana njaa.

Jambo hili si geni

Wazee wanaosoma ukurasa huu watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, na ile ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana na kuamua la kufanya kijijini kwao. Mwaka ule ule wa 1973 nchi ilitunga sheria ya kuunda Taasisi ya Chakula na Lishe. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini nimewasikia wazee wakisimulia, na jambo moja linanivutia: hawakuambiwa tu, walijadili. Mimi kliniki nilisema bila kujadili, nikashindwa.

Taifa limepiga hatua. Mwaka 1991/92 karibu nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Katika utafiti wa mwaka 2015/16 walikuwa 34 katika kila 100. Mwaka 2022 walikuwa 30 katika kila 100. Ni maendeleo, lakini bado katika kila watoto kumi, watatu wamedumaa.

Hapa kwetu ushahidi upo karibu zaidi. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, watafiti waliwafuatilia watoto wa eneo la Haydom tangu kuzaliwa, wakiwalinganisha na watoto wa nchi nyingine saba za Asia, Amerika ya Kusini na Afrika. Watoto wa Haydom walikuwa miongoni mwa waliodumaa zaidi. Tena ilionekana kwamba wengi walikuwa na vijidudu tumboni hata siku ambazo hawakuharisha. Mtoto wa namna hiyo anakula kidogo, na hicho kidogo kinagombewa na vijidudu.

Je, yai linasaidia? Mwaka 2015 huko Ecuador, nchi ya milima iliyo Amerika ya Kusini, watoto wa miezi sita hadi tisa walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita. Udumavu ulipungua kwa karibu nusu ukilinganisha na wale ambao hawakupewa. Lakini nisiwafiche: jaribio kama hilo lilifanywa baadaye Malawi, katika wilaya ya Mangochi kando ya ziwa, na kimo cha watoto hakikubadilika sana. Watafiti walieleza kwamba watoto wa kule walikuwa tayari wanakula samaki. Funzo ni nini? Yai si uganga. Linasaidia zaidi pale ambapo mtoto hapati chakula kingine cha kujenga mwili. Mtoto anayekula ugali mkavu na mboga za majani kila siku, bila samaki, bila nyama na bila maziwa, huyo ndiye yai linayemngoja.

Mkate na ngano yetu

Mtu akisikia habari za mkate wenye mayai na maziwa husema, "Hicho ni chakula cha mjini." Nami namuuliza, ngano inalimwa wapi? Kuanzia miaka ya 1970, tambarare za Hanang zililimwa ngano kwa matrekta na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Mashamba yalikuwa saba, Basotu na Mulbadaw yakiwa miongoni mwake. Ndugu zetu Wabarbaig walipoteza malisho yao, na kesi zikafika mahakamani. Ngano ikasafirishwa kwenda kwenye vinu vya miji. Msaada wa Kanada ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mashamba yale hayaendeshwi tena kwa mfumo ule. Lakini hadi leo wakulima wa Hanang na Mbulu wanalima ngano.

Kwa hiyo mkate si mgeni kwetu. Ngano ilitoka kwetu, ikapita tu. Kuku ni wetu. Ng'ombe ni wetu. Asali ya misitu ya Nou na ya mlima Hanang ni yetu. Vyote vinne vipo, ila havikutani katika sahani ya mtoto. Maoni yangu ni kwamba vikutane, walau asubuhi moja kila wiki.

Namna ya kupika

Chakula chenyewe ni mkate uliolowekwa katika mayai na maziwa, ukaokwa mpaka maziwa yakaganda pamoja na mayai. Mijini maziwa yaliyoganda hivyo huitwa kastadi. Ni kitamu, ni laini, na mtoto asiye na meno mengi anaweza kukila.

Kwa watoto watatu, tayarisha vitu hivi: mayai 3, maziwa kikombe kimoja na nusu, mkate slesi 6, hata wa jana au juzi, mradi hauna ukungu, asali au sukari kijiko kimoja cha chakula, si zaidi, mafuta ya kula au samli kijiko kimoja, chumvi kidogo sana.

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni. Osha na mayai kwa nje, kwa sababu ganda hubeba kinyesi cha kuku.

Pili, chemsha maziwa mpaka yafure, yaache yapoe yawe vuguvugu. Ukiyachanganya na mayai yakiwa ya moto sana, mayai yatakatika vipandevipande.

Tatu, vunja yai moja moja katika kikombe, ulinuse kabla ya kulitia bakulini. Yai viza moja litakuharibia yote. Piga mayai kwa uma, tia maziwa, asali na chumvi, koroga.

Nne, paka mafuta ndani ya sufuria ndogo. Panga slesi za mkate, mimina mchanganyiko juu yake, acha kwa dakika kumi mkate unywe maziwa.

Tano, oka. Kama huna tanuri, fanya wanavyofanya waokaji wa keki za vijijini. Chukua sufuria kubwa, weka vijiwe vitatu ndani, simamisha sufuria ndogo juu ya vijiwe, funika sufuria kubwa kwa mfuniko wa bati ulio bapa. Weka makaa machache chini na makaa mengi kidogo juu ya mfuniko. Moto ukizidi chini, chakula kitaungua kabla ya kuganda. Subiri dakika 25 hadi 30.

Sita, chomeka kisu katikati. Kikitoka kikavu, chakula kimeiva. Kikitoka na majimaji, rudishia mfuniko na ungoje kidogo. Usimpe mtoto yai bichi au lililoiva nusu.

Gawa sehemu tatu. Kila mtoto amepata yai moja, nusu kikombe cha maziwa na slesi mbili za mkate. Hizo ni gramu 15 hivi za protini. Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu zinatosha mahitaji ya siku nzima, na kwa mdogo wa shule ya msingi ni sehemu kubwa ya mahitaji yake. Mpe na kipande cha papai au chungwa, kwani tunda linasaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai isubiri saa moja au mbili baadaye.

Kama mkate hakuna, usiache. Chemsha viazi vitamu, hasa vile vya rangi ya machungwa, viponde, changanya na mayai na maziwa, uoke vivyo hivyo. Hapo hata sukari huihitaji.

Mkate ukinunua, au unga wa ngano, tazama pakiti. Tangu mwaka 2011 kanuni za nchi zinataka viwanda vya unga wa ngano viongeze madini ya chuma na zinki, foliki asidi na vitamini B12. Unga ulioongezwa virutubisho una alama yake.

Tahadhari nne

Ya kwanza ni maziwa mabichi. Katika wilaya hizi mbili watafiti wamechunguza ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao kwa binadamu huleta homa isiyokwisha, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Wamechunguza pia kifua kikuu cha ng'ombe. Yote mawili hupita katika maziwa. Mgonjwa wa homa hiyo mara nyingi hutumia dawa za malaria mara tatu, mara nne, asipone. Najua maziwa ya kwenye kibuyu yana ladha yake, na ugali kwa maziwa mgando ni chakula chetu cha heshima. Sisemi tuache. Nasema chemsheni kwanza, ndipo mgandishe. Kuganda peke yake hakuui vijidudu hivyo kwa uhakika.

Ya pili ni asali. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulambishwa kidoleni. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia, na sumu yake hulegeza misuli mpaka pumzi ikazuilika. Najua mila ya kulambisha asali ipo mahali pengi. Kwa jambo hili naomba wazee wanisamehe: mila hiyo iache.

Ya tatu ni umri. Mtoto anyonye maziwa ya mama tu mpaka atimize miezi sita. Baada ya hapo aendelee kunyonya huku akianzishiwa vyakula vingine, pamoja na yai lililoiva vizuri. Anza kidogo, tazama. Akitoka vipele au kuvimba midomo, acha, mlete zahanati.

Ya nne ni utamu. Kijiko kimoja kwa watoto watatu kinatosha. Asali nayo ni sukari, ingawa inatoka msituni. Mwenye kisukari nyumbani apikiwe bila asali wala sukari. Ulimi wa mtoto hufundishwa na mama. Ukiuzoesha utamu mwingi, maji yatamshinda na soda itamtawala.

Hesabu ya nyumba yenye kuku saba

Sasa narudi kwa yule bibi, maana swali lake bado linanidai. Alisema mayai ni daftari na sabuni. Tupige hesabu pamoja.

Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kisha huatamia, na kwa mwaka hufanya hivyo mara tatu hivi. Tuseme kila kuku anatoa mayai 40 kwa mwaka. Kuku saba ni mayai 280. Chakula hiki kikipikwa mara moja kila wiki kwa watoto watatu, ni mayai 156 kwa mwaka. Yanabaki 124. Ukitenga 70 ya kuatamiwa, yanabaki 54 ya kuuza.

Bibi atasema 54 ni machache. Ni kweli. Lakini katika yale 70 yatatoka vifaranga, na jogoo mmoja mnadani analipia daftari nyingi kuliko trei la mayai. Shida ni kwamba vifaranga wengi hufa kwa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu unaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima katika wiki moja. Chanjo yake ipo, ni tone moja jichoni mwa kila kuku, kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inachanja kuku wengi sana, kwa hiyo majirani wachange, waagize pamoja kwa afisa mifugo. Kwa maoni yangu, chanjo ya kuku ni chanjo ya mtoto pia.

Kuku wakiongezeka wawili tu, una mayai 80 zaidi kwa mwaka. Hayo yawe ya yule mdogo kuliko wote, aliye chini ya miaka miwili, kwa sababu ndiye anayepoteza kimo haraka zaidi. Siku nyingine za wiki apate uji wenye maziwa, maharage yaliyopondwa, dagaa au karanga zilizosagwa.

Tena kuku wasilale ndani na watoto. Jenga banda, hata la miti na nyasi. Mtoto anayetambaa juu ya kinyesi cha kuku kisha akatia kidole mdomoni, anakula yai kwa mkono huu na ugonjwa kwa mkono ule.

Neno kwa akina baba

Mzee mmoja aliniambia, "Sisi tumekua kwa maziwa na ugali, hatukula mikate yenu, na mbona tuna nguvu?" Nilimjibu kwamba anayosema ni kweli kwa upande mmoja. Enzi zake malisho yalikuwa mapana, ng'ombe wengi, na maziwa yalibaki nyumbani. Siku hizi maziwa yanapanda pikipiki alfajiri kwenda kwa mnunuzi, na mtoto anabaki na chai ya rangi. Mzee alifikiri, akasema, "Basi tatizo si mkate, ni kuuza chakula cha mtoto." Nilifurahi, kwa kuwa alikuwa amesema kwa maneno machache kile nilichokuwa nakitafuta.

Baba, hili si jambo la mama peke yake. Kliniki huwa tunazungumza na akina mama, lakini fedha ya maziwa mara nyingi iko mfukoni mwako, na ndoo ya mayai iko chini ya kitanda cha bibi. Mkae watatu, baba, mama na bibi. Mkubaliane kabla ya siku ya mnada: mayai mangapi ni ya mtoto, maziwa kikombe kipi ni cha mtoto. Kinachobaki ndicho kiuzwe. Siku hizi sisi tunafanya kinyume: tunauza kwanza, mtoto anapewa mabaki, na mara nyingi mabaki hayapo.

Wapo pia wanaosema mtoto akila mayai atachelewa kusema au atakuwa mwizi, na mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele. Nimezalisha akina mama waliokula mayai, na watoto wao walizaliwa na nywele zao. Mtoto mwenye njaa ndiye ninayemwogopea wizi.

Mimi kwa upande wangu nimebadili kitu kimoja. Mstari wa kadi ukilala mwezi mmoja, siongezi hotuba. Namuuliza mama, "Nyumbani nani anashika mayai?" Kisha naomba huyo aje naye mwezi ujao. Wengine wanakuja. Bibi yule alikuwa wa kwanza kuja. Aliketi kwenye benchi na mjukuu wake mapajani, akaniambia ametenga mayai matatu kila wiki, na sabuni bado anaipata.

Maswali ya kujadili nyumbani au katika kikundi

Wiki iliyopita nyumba yako ilipata mayai mangapi, na mangapi yaliliwa na watoto? Fedha ya yaliyouzwa ilinunua nini? Maziwa mnayokunywa yamechemshwa? Kuku wenu wamechanjwa lini? Mtoto wako wa mwisho, mstari wa kadi yake unapanda, umelala au unashuka?

Kama swali la mwisho huna jibu lake, chukua kadi uitazame leo. Ukiona mstari umelala, usisubiri mwezi wa nne.